Chenza la Pixie: Limenye, Lile, Kisha Tulipande Malinyi!

Jamani watu wa Malinyi, wa Ifakara, wa Mlimba na wa kule Mahenge, acheni mnachokifanya mnisikilize! Nimetoka Makueni, Ukambani, nchini Kenya, na vidole vyangu vinanukia ganda la chenza mpaka sasa. Nimenawa kwa sabuni, nimefua, nimepika maharage ya nazi, na bado! Harufu haitoki, wala sitaki itoke. Ni harufu tamu, kali, changa, inayopanda puani ghafla ikakufanya ufumbe macho mwenyewe bila kupenda. Chenza lenyewe linaitwa pixie. Kama hujawahi kulishika, ndugu yangu, vuta kigoda, maana leo sinyamazi mpaka mate yakujae kinywani.

Tuanze na sura, kwa sababu sura yake ndiyo mtego. Ni dogo. Limebonyea kidogo juu na chini, ganda lake lina vipele vipele, rangi yake imepauka, huku chungwa, huku njano, kule kijani kidogo. Ukilikuta mezani sokoni karibu na yale machungwa makubwa yanayong'aa, utalipita tu bila kuligeukia. Usilipite! Narudia, usilipite! Lishike kwanza. Litulize kiganjani. Utashangaa uzito wake, uzito wa kitu kilichojaa maji pomoni. Halafu libonyeze kidogo, taratibu. Utasikia ganda linacheza juu ya nyama, limelegea, linakusubiri. Mimi moyo wangu ulianza kwenda mbio hapo hapo, na sikuwa hata nimelimenya!

Sasa kumenya. Sisi chungwa tunalijua kwa kisu. Kijana pale stendi ya Ifakara anazungusha ganda upesi upesi, linashuka utepe mmoja mrefu, anakata kofia ya juu, unaminya, unanyonya, unatema mbegu barabarani. Raha yake ni kubwa na siikatai. Lakini pixie? Kisu cha nini! Unaingiza kidole gumba pale kwenye kikonyo, unasikia «pfff», mafuta ya ganda yanaruka hewani, ukungu mwembamba wa manukato unakupiga usoni, na ganda lote linavuka kama shati lililokuzidi kipimo. Lote! Halikatiki vipande hamsini, halikuchimbi kucha, halikuachi na mikono inayochuruzika. Nyuzi nyeupe ni chache mno. Vipande vinaachana vyenyewe, kimoja kimoja, vimenona, vimetulia, vinameremeta. Mtoto mdogo kabisa anajimenyea mwenyewe. Bibi asiye na meno anakula bila kumsumbua mtu. Na bado!

Halina mbegu. Umesikia? Halina mbegu hata moja! Nililipasua, nikalimulika juani, nikalitafuna kwa uangalifu wa mtu anayetafuta mfupa kwenye sato, hakuna. Nyama tupu, laini, yenye vijifuko vya maji vinavyopasuka kwa zamu ulimini. Na utamu, jamani utamu! Unaingia wa kwanza, mzito, mnene, wa asali ya nyuki wadogo, unaenea kinywa kizima. Halafu, ukidhani umeshalielewa, uchachu mwembamba unatokea pembeni mwa ulimi, unausafisha utamu, unakuamsha, unakudai kipande kingine. Hauumi meno. Haukunji uso. Ni uchachu wa adabu kabisa, unabisha hodi ndio uingie. Unakula kingine. Na kingine. Na ganda jingine limeshavuka mkononi, hata hukumbuki ulilichuma saa ngapi!

Na mahali penyewe nilipolila, laiti ungepaona. Nje kidogo ya mji wa Wote, shamba la familia, dogo, la ekari chache tu, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Usifikirie bustani ya kijani yenye mito. Makueni ni nchi kavu, kavu kweli kweli! Mito yake mingi, muda mrefu wa mwaka, ni mchanga mtupu, na watu wamejifunza kuujengea ukuta mchanga huo ili maji yabaki chini yake, wayachimbe wakati wa kiangazi. Mteremko mzima umekatwa ngazi za «fanya juu», ile kazi ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu uwe kingo, ili hata tone la mvua lisikimbie. Basi juu ya ngazi hizo, katikati ya ukavu huo, imesimama miti mifupi, ya kijani iliyokolea, imebeba matunda mpaka matawi yamewekewa mihimili yasivunjike. Nilisimama nikasema «Aisee!» peke yangu, kwa sauti.

Mama mwenye shamba watoto wake wanamwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, nami nikamwita hivyo hivyo. Nikafika na maswali yangu, akanikatiza.

«Karibu mgeni. Kwanza ule, maneno baadaye.»

Nikanyoosha mkono nivute tunda. «Hapana, usivute! Kata.» Akanipa mkasi. Ukivuta, ngozi inachanika pale kwenye kikonyo na tunda linaanza kuoza kutokea hapo. Ukikata na kijiti kifupi, linakaa. Basi tukazunguka mti, yeye anakata, mimi nakata, mjukuu wake anafuata na ndoo, na kila tulipokata, harufu! Mkasi wenyewe unanukia! Majani ukiyafinya yananukia! Nilipoinama chini ya mti nikakuta majani makavu na mabua yametandazwa kuzunguka shina, nikaingiza mkono chini yake: udongo baridi, wenye unyevu, mweusi, wakati hatua mbili pembeni ardhi inachoma. Matandazo hayo ndiyo siri ya shamba lote. Mvua ikinyesha, maji yanaingizwa kwenye beseni la udongo chini ya kila mti, yanafunikwa, yanatunzwa. Hakuna tone la kuchezea.

Sasa njoo uone shina, maana hapa ndipo nilipopagawa kabisa. Tunda lisilo na mbegu, utalipandaje? Huwezi! Kila mti wa pixie ulioko duniani umetokana na kikonyo, yaani kijitawi cha kubebeshea, kilichokatwa kwenye mti mwingine, na huo kwenye mwingine, na mwingine, mpaka mti wa kwanza kabisa. Kule Makueni wanaotesha mlimau mkali, ule wenye ganda la mabonde mabonde na uchachu wa kukutoa machozi, kwa sababu mizizi yake inaenda chini na kuvumilia kiu. Ukishafika unene wa penseli, wanaubebesha kikonyo cha pixie. Mwaitu alinishika mkono akaupeleka kwenye shina, nikapapasa kovu lenyewe. Chini gome ni gumu, la limau. Juu gome ni laini, la chenza. Mkono mmoja unagusa uchachu na utamu kwa pamoja! Nilicheka peke yangu. Na lazima machipukizi yote yanayotoka chini ya kovu yakatwe, la sivyo limau linaamka, linanyanyuka, linameza mti mzima, na baadaye unachuma malimau makali badala ya asali.

Na hadithi ya tunda lenyewe ni tamu karibu sawa na nyama yake. Lilizaliwa California, Marekani, kwenye kituo cha utafiti wa michungwa cha Riverside. Kazi ilianza mwaka 1927, likatolewa kwa wakulima mwaka 1965. Hesabu mwenyewe: miaka 38 ya kupanda, kuonja, kusubiri, kuonja tena! Na lilipotoka, wakubwa wa mashamba makubwa hawakulitaka. Dogo mno, wakasema. Limepauka. Linachelewa kuiva. Linafaa bustani ya nyuma ya nyumba tu. Basi walioliokoa ni nani? Familia zenye mashamba madogo! Kwenye bonde la Ojai, kusini mwa California, familia chache zililiamini, zikalichuma kwa mkono, zikalipeleka sokoni zenyewe, watu wakaonja, wakarudi, wakaleta majirani. Leo jina la bonde hilo na jina la pixie yanatajwa kwa pumzi moja. Na kilichotokea Ojai ndicho kilichotokea Ukambani: kaya za ekari moja, mbili, tatu, zilizokuwa na maembe na machungwa ya kawaida, zikajaribu miti michache pembeni, kisha zikaongeza, zikaongeza, na sasa mtu ukitaja Makueni huko Nairobi, mwenzako anajibu pixie.

Unajua kwa nini limewafaa wakulima wadogo? Mimi nimeliona kwa macho yangu. Embe likiiva, limeiva! Linadondoka, linaoza, mnunuzi anajua umebanwa, anakutajia bei ya kukuliza. Pixie linaiva na kungoja. Linaning'inia mtini wiki baada ya wiki, linazidi tu kuwa tamu, na familia inachuma ndoo leo ya ada ya shule, ndoo kesho ya sabuni na mafuta, kreti kumi Jumamosi gari la mnunuzi likija. Na linauzwa kwa kilo! Mizani imetundikwa pale pale kwenye tawi la mwembe, kila mtu anaiona, mjukuu ndiye msomaji wa mizani na anasoma kwa sauti kubwa ya kishujaa. Hakuna gunia la kufungwa lumbesa mpaka linatoa pembe. Ulifikiria jambo hilo ukiwa mkulima wa kawaida kabisa, mwenye jembe na watoto? Nilitaka kumkumbatia yule mtoto!

Kazi ipo, na ni kazi ya mikono inayopenda. Mti wa pixie ukiachwa uamue wenyewe unazaa mafuriko mwaka huu, mwaka ujao unapumzika na kukuachia majani. Kwa hiyo mwaitu hupita na kupunguza matunda yakiwa machanga, sawa na gololi, ili yanayobaki yanone na mti usichoke. Kuna nzi wa matunda pia, yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akaenea upesi Afrika Mashariki. Matunda yaliyodondoka hayaachwi chini hata siku moja, na mitego imetundikwa matawini. Ndiyo maana naupenda mti huu kwa familia: unataka jicho la kila siku, la mtu anayelala hapo hapo, anayejua kila tawi. Shamba la ekari elfu litampata wapi mtu wa namna hiyo?

Tulimaliza kwa chai ya rangi iliyochemshwa na ganda la pixie lililoanikwa juani. Mwenzangu, ganda hilo! Hawatupi kitu. Chai imekolea, ina uchungu mdogo nyuma, ina manukato yanayokaa kooni, na pembeni sahani ya muthokoi wa moto, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Nilikunywa, nikaongezewa, nikanywa. Na bado!

Haya, sasa Malinyi. Hapo ndipo akili yangu ilipokuwa muda wote, kwenye kila kipande nilichotafuna! Nilikuwa nawaza Mtimbira, nawaza Itete, nawaza Ngoheranga na Kilosa kwa Mpepo. Nawaza zile nyumba zenye mwembe mmoja, mfenesi mmoja, mchenza wa babu nyuma ya jiko. Bonde letu linasifika kwa mchele, na ni haki yake, mchele wa Kilombero ukipikwa nyumba ya tatu wanajua! Lakini mpunga unakaa bondeni, kwenye maji. Nyumba zetu ziko wapi? Kwenye miinuko. Na mchenza unataka wapi? Kwenye miinuko! Hautaki kabisa kusimama ndani ya maji. Mafuriko ya masika yakiukuta, mizizi inakosa hewa, gome la chini linaoza, mti unakufa wima, na mlimau mkali ni dhaifu kwa maradhi hayo. Basi usiupeleke jaruba. Upe kichuguu kilichosawazishwa, upe mteremko, upe tuta refu lenye mfereji pembeni. Mpunga uchukue bonde, mchenza uchukue uwanja wa nyumba, hakuna ugomvi hata kidogo.

Na kiangazi chetu kirefu, kile cha kuanzia Juni, tunachokilalamikia? Jamani, ni zawadi! Mti wa jamii ya mchungwa katika nchi za joto hushtuliwa na ukavu. Unakaa na kiu, unatulia, unajikusanya, halafu ukipata maji unalipuka maua! Maua meupe, mazito, yanayonukia mpaka nyuki wanalewa. Kitu kimoja tu ujiandae nacho: rangi. Wote iko juu zaidi ya mita 1,000, usiku wa katikati ya mwaka ni wa sweta, na baridi hiyo ndiyo inayopaka ganda rangi ya chungwa. Ifakara haifiki hata mita 300, usiku wake una joto, na ndiyo sababu machungwa yetu huiva yakiwa ya kijani. Tunda la kijani si tunda bichi! Sisi tunalijua hilo tangu utotoni, na mlaji wa mjini tutamfundisha kwa kumpa kipande kimoja tu aonje.

Soko nalo halina tena kisingizio cha zamani. Nani hakumbuki kusubiri kivuko pale mto Kilombero, mizigo imelowa, matunda yanachemka juani? Daraja limefunguliwa tangu 2018, lori linapita mchana na usiku. Tunda linalovumilia kukaa mtini na linalouzwa kwa kilo lingepita juu ya daraja lile likiwa kwenye kreti safi, lina jina la Malinyi ubavuni. Nafumba macho naliona!

Ila nakuomba kwa mapenzi yote: usivushe mche mpakani kwenye begi la nguo. Nami nilishawishika, nakwambia ukweli, maana vikonyo vilikuwa pale pale, vimenona, vinaniangalia. Nikaviacha. Kuna ugonjwa unaogeuza majani ya michungwa kuwa ya njano yenye mabaka, matunda yakabaki madogo, machungu na yaliyopinda, na hauna dawa. Unasafiri ndani ya vikonyo na kwa mdudu mdogo mno. Kikonyo kimoja chenye ugonjwa kinaweza kumaliza michenza ya kijiji kizima, na wa babu yako ndani yake. Miche ya nje ina njia yake, kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ndani ya mkoa wetu wenyewe wa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na taasisi ya kuthibitisha mbegu, TOSCI. Mkamate afisa ugani wako, muulize kitalu kilichosajiliwa, umng'ang'anie mpaka akujibu!

Na wakati unasubiri, usikae bure. Kila kijiji chetu kina mchenza mmoja ambao watoto wote wanaujua, ule wanaouzunguka hata mwenyewe akiwafukuza. Nenda kauonje msimu ukifika. Kama kweli unashinda mingine, na majani yake ni mazima, omba vikonyo, bebesha juu ya mlimau uliouotesha mwenyewe, panda miwili mitatu pale panapokauka upesi baada ya mvua. Tandaza mabua ya mahindi chini. Kata machipukizi ya chini ya kovu. Punguza matunda machanga hata kama moyo unauma. Ndivyo familia za Makueni zilivyoanza, kwa miti michache pembeni ya shamba, na mdomo wa majirani ukafanya kazi iliyobaki.

Hukumu yangu basi, bila kuzungukazunguka: pixie ni chenza tamu kuliko yote niliyowahi kumenya, na limefika hapo lilipo kwa mikono ya watu wenye mashamba madogo kama yetu. Ukipita Kenya mwezi wa nane, shuka Emali, panda gari la Wote, tafuta familia yenye mizani mtini, nunua kilo, kaa chini ya mti uzile hapo hapo zikiwa na joto la jua. Ukirudi Malinyi, anza kuchimba shimo kabla mvua za masika hazijaanza. Chimba pana, chimba mahali pa juu, weka samadi iliyooza vizuri. Mchenza wa kubebesha ukitunzwa vizuri huanza kukulisha ndani ya miaka mitatu hivi. Anza mwaka huu!